Kuuziana Mikataba ya Kupanga Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na wapangaji, wenye nyumba na watu wanaotafuta nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa (hapa chini tunaliita Shirika), hasa katika maeneo ya Upanga, Kariakoo, Kisutu, Ilala na Kinondoni. Viwango vya fedha vilivyotajwa ni vya mfano tu, kwa ajili ya kuonyesha hesabu inavyokwenda.

## Mambo ya msingi

1. Soko la magendo la mikataba ya kupanga ni nini?

Ni biashara ambayo mpangaji mwenye mkataba wa nyumba ya kodi nafuu humwachia mtu mwingine nyumba hiyo kwa malipo ya pembeni, ama bila mwenye nyumba kujua, ama kwa kujua kwa mtumishi wake mmoja aliyepewa chochote. Nyumba yenyewe haiuzwi, kwa kuwa muuzaji haimiliki. Kinachouzwa ni nafasi ya kukaa ndani yake kwa kodi ileile nafuu.

Biashara hii ina sura mbili. Katika ya kwanza, mnunuzi hulipa fungu moja, hukabidhiwa funguo, na jina kwenye mkataba ama hubaki la mpangaji wa zamani ama hubadilishwa kwa njia za uchochoroni. Katika ya pili, mwenye mkataba huhamia kwake Kimara, Mbezi au Chanika, huendelea kulipa kodi ya Shirika kwa jina lake kila mwezi bila kukosa, kisha hupokea kodi ya bei ya mtaani kutoka kwa yule anayelala humo. Sura hii ya pili ni ngumu zaidi kuikamata, maana katika vitabu vya mwenye nyumba mpangaji huyo ni mfano wa kuigwa: hana deni na halalamiki hata paa likivuja.

2. Mtu anauzaje kitu ambacho si chake, na anayenunua ananunua nini?

Jibu liko kwenye pengo kati ya kodi iliyoandikwa na kodi ya mtaani. Tuseme nyumba ya vyumba viwili ina kodi ya mkataba ya shilingi 300,000 kwa mwezi, na nyumba ya mtu binafsi iliyo jirani yake, yenye ukubwa huohuo, inapangishwa kwa shilingi 800,000. Pengo ni shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka. Mwenye mkataba akiwa na hakika ya kukaa miaka mitano bila kusumbuliwa, ameshika karatasi yenye faida ya milioni 30 ingawa hamiliki hata tofali moja. Anayemlipa milioni 15 anajiona ameokoa nusu, na anayepokea anajiona ameokota. Wote wawili wamegawana fedha ambayo haikutoka mfukoni mwa yeyote kati yao.

Bei hushuka kadiri hofu ya kugunduliwa inavyopanda. Uvumi wa uhakiki wa wapangaji ukienea mtaani, wauzaji huongezeka na wanunuzi hupungua.

3. Je, kilemba na hela ya dalali ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa mara nyingi hudaiwa siku moja na mtu mmoja, jambo linalowachanganya wengi. Anayepanga Dar es Salaam kwa mara ya kwanza anaweza kutajiwa kodi ya miezi mitatu, sita au kumi na miwili kwa mkupuo, hela ya dalali ambayo kwa mazoea ni kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo hela kidogo ya kuzungushwa kuonyeshwa vyumba, ambayo hairudi hata usipopenda ulichoonyeshwa. Malipo haya yanaweza kuwa mazito, na mtu ana haki ya kuyalalamikia, lakini si soko la magendo: mwenye nyumba anajua nani anaingia kwake.

Kilemba ni fedha anayopewa mpangaji anayetoka ili aachie nafasi. Neno hili limezoeleka zaidi kwenye fremu za maduka (tazama swali la 19), lakini kwenye nyumba za kuishi jambo ni lilelile hata likiitwa "shukrani", "gharama za kuhama" au "hela ya ukarabati".

4. Ni nyumba zipi zinazouzwa hivi?

Ni zile zenye pengo. Nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa zilizo katikati ya mji ndizo zinazotajwa zaidi, na baada ya hapo nyumba yoyote ya taasisi ambayo kodi yake inapangwa kwa kuangalia cheo au ajira ya mpangaji badala ya bei ya mtaa.

Kinyume chake ndicho kinachofundisha zaidi. Nenda Tandale au Tandika, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba vitatu kila upande. Mama mwenye nyumba anaishi chumba cha mbele, anajua nani amerudi saa ngapi, na zamu za kufagia uani zimebandikwa ukutani pamoja na mgawanyo wa Luku. Chumba kikiwa wazi kinapangishwa kwa bei ileile ya chumba cha jirani. Hapo hakuna anayeuza mkataba, kwa sababu hauna faida ya kuuza: mpangaji anayetoka hana kitu ambacho anayeingia hawezi kukipata kwa bei hiyohiyo nyumba ya tatu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya wapangaji wa jiji hili, lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022, wanaishi kwa watu binafsi, soko tunalolizungumzia linawagusa moja kwa moja wachache. Hasira zake, hata hivyo, zinawafikia wengi, kwa kuwa nyumba zinazogombewa ni za umma.

## Chanzo chake

5. Kwa nini kodi za nyumba hizi zilikuwa chini tangu mwanzo?

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru, likiwa na jukumu la kujenga nyumba ambazo mwananchi wa kawaida angezimudu. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutaifisha majengo, ambayo iliyagusa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ndiyo maana wazee wa Upanga na Kariakoo hadi leo husema "nyumba ya Msajili", ijapokuwa ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika mwaka 1990. Serikali ikajikuta ndiye mwenye nyumba mkubwa kuliko wote katikati ya jiji.

Juu ya hilo kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ambayo toleo lake la mwisho lilikuwa la mwaka 1984. Nia yake ilikuwa njema: kumkinga mpangaji asipandishiwe kodi kiholela wala kutolewa nje usiku. Lakini shilingi ilipokuwa ikishuka thamani mwaka hadi mwaka na bei za saruji na mabati zikipanda, kodi zilizodhibitiwa zilibaki nyuma sana. Mwenye nyumba hakupata fedha za matengenezo, na mpangaji akajikuta ameshika kitu adimu.

6. Sheria hiyo si ilifutwa? Mbona biashara haijaisha?

Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba yuko huru kupanga kodi kwa makubaliano. Lakini kufuta sheria ya kodi si sawa na kufuta pengo la kodi. Taasisi ya umma hupandisha kodi kwa hatua, kwa tahadhari, na mara nyingi katikati ya malalamiko ya wapangaji waliostaafu ambao kweli hawana pa kwenda. Bei ya mtaani haisubiri mtu. Kila ghorofa jipya linaloota Kariakoo hupandisha thamani ya nyumba ya zamani iliyo pembeni yake, na pengo huzaliwa upya hata kama lilizibwa mwaka juzi.

Kuna sababu nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini. Nyumba ikiwa wazi, mwombaji wa kawaida hajui kwamba iko wazi. Anayejua ni anayetoka, jirani yake, mlinzi wa jengo na dalali anayeshinda kijiweni pale chini. Habari yenyewe imekuwa bidhaa, na taarifa za nafasi zisipobandikwa hadharani, bidhaa hiyo haitakosa mnunuzi.

## Sheria inasemaje

7. Kuuza mkataba wa kupanga ni kosa la jinai?

Kwa lenyewe, kwanza ni uvunjaji wa mkataba. Mikataba ya nyumba za Shirika humkataza mpangaji kupangisha tena au kumkabidhi mtu mwingine nyumba bila idhini ya maandishi, na adhabu yake ni kusitishiwa mkataba na kuondolewa.

Linageuka jinai kwa mambo yanayoambatana nalo, na ni mara chache yakosekane. Barua ya kuachia nyumba ikiwa na saini ya kubuni, hiyo ni kughushi. Nyumba moja ikiuzwa kwa wanunuzi wawili, huo ni udanganyifu. Mtumishi wa taasisi akilipwa ili abadilishe jina kwenye jalada, hiyo ni rushwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na sheria hiyo inamshika aliyetoa kama inavyomshika aliyepokea. Taarifa za rushwa hupokelewa TAKUKURU kwa simu ya bure 113. Mbali na hayo, anayepokea kodi ya pembeni bila kuitolea hesabu ana deni la kodi ya mapato, jambo ambalo wauzaji wengi hulisahau hadi ugomvi unapofika mahali pa kuandikwa.

8. Tuliandikishana kwa wakili, mjumbe akashuhudia na serikali ya mtaa ikagonga muhuri. Je, nina haki?

Una ushahidi kwamba ulilipa. Haki ya kuishi katika nyumba hiyo ni kitu kingine. Muuzaji hawezi kukupa alichokatazwa kukitoa, na muhuri wa mtaa, hata ukiwa mwekundu namna gani, hauchukui nafasi ya idhini ya mwenye nyumba. Wakili aliyeshuhudia saini ameshuhudia kwamba waliosaini ni nyinyi. Hakushuhudia kwamba mlichosaini ni halali.

Chini ya Sheria ya Mikataba, makubaliano ambayo lengo lake ni haramu ni batili, na mahakama husita kumsaidia mtu ambaye dai lake linasimama juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe alijua kuwa si halali. Hapa ndipo tofauti kati ya aliyedanganywa na aliyeshiriki inapokuwa kubwa. Ukionyesha kwamba uliambiwa idhini ipo na ukaonyeshwa barua iliyokuja kugundulika kuwa ya bandia, msimamo wako ni bora mno kuliko wa mtu ambaye karatasi yake mwenyewe inasema "mnunuzi atajitambulisha kuwa mdogo wake mpangaji endapo ataulizwa". Karatasi za namna hiyo zipo, tena zimechapwa vizuri kwa nakala tatu.

Kumbuka pia kwamba hati isiyolipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kuwa ushahidi hadi ushuru huo ulipwe.

9. Nimelipa na nimefungiwa mlango. Niende wapi?

Migogoro ya upangaji huanzia kwenye usuluhishi wa Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa hupelekwa Mahakama Kuu. Ikiwa kuna udanganyifu au kughushi, fungua jalada polisi kwa kosa hilo mahsusi. Ukieleza kwamba "mtu ana deni langu la nyumba" utaambiwa, na kwa haki, kwamba madai si kazi ya polisi.

Usivunje kufuli. Aliyelipa akavunja hugeuka mshtakiwa, na mazungumzo ya fedha zake huishia hapo.

10. Nitatambuaje kwamba naingizwa kwenye mkataba wa magendo?

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni kuambiwa ukae kimya. Mwenye nyumba halali hana sababu ya kukuagiza usiongee na majirani. Ya pili ni ankara: omba kuona ankara ya kodi ya mwezi uliopita na uangalie jina lililo juu yake, kisha uliza kwa nini jina hilo si la mtu aliye mbele yako, au kwa nini litaendelea kuwa lake ukishaingia. Ya tatu ni namna ya kulipa: kodi ya taasisi ya umma hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kwa hiyo mtu anayetaka fedha kwenye simu yake binafsi, au taslimu ndani ya gari, anapokea kitu kingine kisicho kodi.

Njia ya hakika ni kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mkoa ya taasisi hiyo na kuuliza kama nyumba iko wazi. Muuzaji atakuzuia kwa maneno matamu, akisema ukiuliza utaiharibu bahati. Itakayoharibika ni ya kwake.

## Suala la haki

11. Kama muuzaji ameridhia na mnunuzi ameridhia, nani anadhulumiwa?

Hili ndilo swali ambalo watetezi wa biashara hii hulileta kwanza, na linastahili jibu la makini. Watu wawili wakikubaliana juu ya kitu chao, wengine hatuna neno. Hapa wamekubaliana juu ya kitu cha watu wengine. Pengo la shilingi 500,000 katika mfano wa swali la 2 lilikuwa la umma: ama lingeingia Shirika likajenga nyumba nyingine, ama lingebaki kuwa nafuu kwa mtu aliyekusudiwa, mathalani muuguzi wa hospitali ya wilaya ambaye ameandika barua ya maombi na anasubiri. Muuzaji amelichukua, akalikatia bei, na akampa aliyeweza kulipa zaidi.

Kwa hiyo anayedhulumiwa ni mtu ambaye hayupo chumbani wakati fedha zinahesabiwa. Hana jina, na hatajua kamwe kwamba nyumba ya tatu ghorofani ilikuwa yake. Dhuluma ya namna hii ni rahisi kuikana kwa sababu hakuna anayelia mlangoni.

Nakubali upande mmoja wa hoja ya watetezi. Nyumba iliyouzwa kwa magendo angalau ina mtu ndani, tena mara nyingi mwenye shida ya kweli, wakati nyumba iliyoshikiliwa kihalali na mpangaji anayeishi kwingine, ikiwa na kitanda kimoja na vumbi, haimsaidii yeyote. Lakini hoja hiyo inatetea kuijaza nyumba. Haitetei kumlipa aliyeiacha.

12. Je, mnunuzi naye ana hatia sawa na muuzaji?

Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, hapana, na ni vibaya kuwachanganya. Mnunuzi ana hitaji na muuzaji ana faida. Mnunuzi ametoa akiba ya miaka, pengine na mkopo wa kikoba juu yake, ili watoto wasome karibu. Tena ndiye anayebeba hatari yote: mkataba ukisitishwa, muuzaji amekwisha kula fedha na yuko kwake Chanika, na vyombo vinavyotolewa barazani na dalali wa mahakama ni vya mnunuzi. Utaratibu unaomwadhibu mnunuzi peke yake, kwa kuwa ndiye anayekutwa ndani, unapiga upande dhaifu.

Hilo halimwondolei lawama zote. Anayemlipa mtumishi ili jalada libadilishwe ameharibu foleni ya wengine kwa kujua.

13. Nimekaa miaka thelathini, nimeweka marumaru, grili na mfumo mpya wa maji kwa fedha zangu. Kwa nini nisilipwe nikitoka?

Unastahili kusikilizwa, na hapa wenye nyumba wengi, wa umma na binafsi, wana deni la maadili. Mpangaji aliyezuia nyumba isianguke amefanya kazi ya mwenye nyumba. Njia ya haki ni kuomba idhini ya maandishi kabla ya matengenezo, kutunza risiti, na kudai fidia au punguzo la kodi kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa thamani iliyobaki baada ya kuchakaa.

Kinachokataliwa ni kuyafanya marumaru ya shilingi milioni 2 kuwa kisingizio cha kilemba cha milioni 20. Tofauti ya milioni 18 haikutoka kwa fundi. Imetoka kwenye mahali nyumba ilipo.

14. Kwa nini biashara hii isiruhusiwe tu hadharani, ilipiwe kodi ya serikali, ikaisha?

Mahali pengine wamefanya hivyo. Mjini Mumbai, nchini India, malipo ya kilemba kwenye nyumba za kodi ya zamani yalikuwa ya siri kwa miongo mingi, na sheria ya kodi za nyumba ya jimbo la Maharashtra ya mwaka 1999 ikayaruhusu rasmi. Faida yake ni kwamba mnunuzi hupata karatasi yenye nguvu. Hasara yake ni kwamba nafuu iliyokusudiwa kwa wenye kipato kidogo huwa mali binafsi ya waliokuwa ndani siku hiyo, na anayekuja baadaye huinunua kwa bei kamili. Kwa nyumba za watu binafsi hilo linaweza kuvumilika. Kwa nyumba za umma ni kuzibinafsisha bila kutangaza.

15. Je, nchi yenye foleni ya wazi na sheria kali imelimaliza tatizo?

Tazama Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Kodi za nyumba huko hupangwa kwa majadiliano kati ya wenye nyumba na vyama vya wapangaji, kwa kuangalia ubora wa nyumba, si kwa bei ambayo mhitaji wa mwisho yuko tayari kulipa. Jiji lina wakala wake wa kugawa nyumba, foleni inayohesabu siku tangu ujiandikishe, na katika foleni hiyo wamo watu zaidi ya 800,000. Kusubiri miaka mingi, hata karibu kumi, ni jambo la kawaida, na nyumba za katikati ya mji husubiriwa zaidi ya hapo.

Na bado mikataba inauzwa. Hapo awali sheria ilimwadhibu muuzaji tu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2019 mnunuzi naye anaweza kufungwa hadi miaka miwili, na muuzaji katika kosa zito hadi miaka minne. Kwa kuwa kubadilishana nyumba kunaruhusiwa huko kwa idhini, wapo wanaobuni mabadilishano ya uongo ili kuficha mauzo. Funzo kwa Dar es Salaam si kwamba foleni haina maana, maana mwenye foleni anajua zamu yake. Ni kwamba palipo na pengo kubwa, adhabu peke yake hupandisha bei ya magendo na kuifanya kazi ya watu wenye ujasiri zaidi.

16. Basi dawa ni nini?

Kwanza, kila nyumba ya umma inayoachwa itangazwe pamoja na kodi yake na jina la aliyepewa, ili habari isiwe bidhaa ya kijiweni. Pili, uhakiki ufanyike mlangoni na si kwenye makaratasi, kwa kuwa makaratasi ya mpangaji mbadhirifu huwa safi kuliko ya wote. Tatu, anayekutwa ndani kama mpangaji wa pili na akasema ukweli apewe nafasi ya kuomba kwa jina lake kwa kodi halisi, badala ya kutupwa nje huku aliyemwingiza akiachwa. La nne ni gumu zaidi: kodi ya wanaojiweza isogezwe karibu na ya mtaani, na nafuu ibaki kwa wanaoihitaji kwa majina yao.

## Mazingira yenye utata

17. Ninanunua fenicha tu, na mkataba ninapewa bure. Kuna ubaya?

Kabati la zamani, pazia na jiko la gesi la plati mbili vikiuzwa kwa shilingi milioni 12, hakuna baraza litakaloamini kwamba ulipenda pazia. Kinachoangaliwa ni thamani halisi ya vitu. Kilichozidi ni bei ya nafasi, na majibu ya swali la 7 na la 8 yanahusika.

18. Shangazi ana nyumba ya Shirika, amehamia kwa mwanawe, na mimi nimebaki humo nikilipa kodi ileile. Je, ni magendo?

Si magendo kwa maana ya biashara, kwa kuwa shangazi hapati faida, lakini bado ni kumkabidhi mtu nyumba bila idhini ikiwa hamjaandika. Andikeni barua mapema mkieleza hali na uhusiano wenu. Ndugu anayeishi na mpangaji ni mgeni wa nyumba. Mpangaji akiondoka moja kwa moja, mgeni hageuki mpangaji kwa kupita kwa muda tu. Hali ni hiyohiyo mpangaji akifariki: msiendelee kulipa kwa jina la marehemu kwa miaka mkidhani kimya ni ruhusa. Pelekeni cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi, na muombe mkataba mpya kwa jina la aliyebaki.

19. Kilemba cha fremu Kariakoo kimezoeleka na kila mtu anakijua. Nacho ni haramu?

Inategemea mwenye jengo. Mfanyabiashara aliyekaa fremu moja Mtaa wa Kongo kwa miaka mingi amejenga wateja, na wateja hao ni thamani aliyoitengeneza yeye. Mwenye jengo akiridhia kwa maandishi kwamba mpangaji mpya amlipe wa zamani, na mkataba mpya ukaandikwa kwa jina la mpya, hayo ni makubaliano halali ya watu watatu. Asipojulishwa, au fremu ikiwa ya taasisi ya umma inayokataza, tunarudi kwenye swali la 1. Vizimba vya masoko ya manispaa viko upande huo wa pili: hugawiwa kwa jina, na kumpangishia mwingine kwa bei ya juu ni kuuza usichopewa kuuza.

20. Nimelipa kodi ya mwaka mzima kwa mpangaji wa kwanza, na leo taasisi imeleta notisi ya kuondoka. Nifanye nini wiki hii?

Soma notisi na uandike tarehe uliyoipokea. Usijifiche na usiseme wewe ni mdogo wake mpangaji, kwa kuwa uongo huo ukishaandikwa utakufunga mdomo baadaye. Nenda ofisini ukiwa na ushahidi wa malipo yako, eleza ulivyoingia, na uombe kwa maandishi muda wa kuhama au nafasi ya kupanga kwa jina lako; huna haki ya kulazimisha jibu, lakini ombi lililo kwenye jalada lina uzito kuliko maneno ya mlangoni. Acha mara moja kumlipa mpangaji wa kwanza, na umwandikie ukimtaka arudishe kodi ya miezi ambayo hutakaa, ukihifadhi nakala. Akikataa, anzia Baraza la Kata kama ilivyoelezwa katika swali la 9, na ufanye hivyo kabla hujahama, wakati majirani wanaoweza kushuhudia kwamba uliishi humo bado wanakufahamu kwa sura.